Nilimlisha Kahawa Rafiki Yangu, Kisha Nikauza Kisiwa Chake

Ma Anatolia, nakusalimu kwa heshima, na kabla hujanihukumu nakuomba unisome mpaka mwisho, maana hapa nilipo sijui kama mimi ndiye niliyeonewa au ndiye niliyeonea.

Ni mwanamke wa miaka arobaini na mmoja, naishi Kitendaguro, nina duka la fotokopi mjini Bukoba nililolianza na mashine moja mkweche na leo zipo nne, sikurithi kitu wala sikuolewa na mwenye kitu, na mji mzima unaniita Mama Fotokopi kana kwamba ndilo jina nililobatiziwa. Watu wanaoniita kwa jina langu ni wanne tu, na hao wote nakutana nao mezani kwa Kahigi, Kishanda, Jumamosi moja tunacheza na moja tunapumzika, kuanzia chakula cha mchana mpaka saa kumi na moja. Kahigi ni mwalimu wa jiografia. Lilian ni muuguzi, Clavery ni seremala, na Rutaihwa anauza nyavu kisiwani Bumbire, anakuja kwa boti na kurudi kwa boti. Hao ndio watu wangu, Ma, ukiacha kanisa sina wengine, na Jumamosi hii wanapiga kura ya kunitoa.

Nianze mwanzo. Miaka mitatu iliyopita Kahigi alileta mchezo wa ubao alioupata chuoni, maelezo yake Kiingereza kitupu kurasa kumi na nne, na mimi ndiye niliyekaa nayo wiki mbili nikayageuza Kiswahili, nikayabana mpaka kurasa sita, nikamchapia kila mmoja nakala yake, na bila mimi ule ubao ungekuwa mpaka leo unaliwa na mende juu ya kabati. Ni ramani ya nchi tano, kila mchezaji na nchi yake, hakuna dadu wala bahati, mnapewa dakika kumi na tano za kuzungumza wawili wawili, hata mkitoka kwenda migombani sawa, mnaahidiana, halafu kila mtu anaandika kwa siri majeshi yake yaende wapi na karatasi zinafunuliwa kwa pamoja. Mmoja akimsukuma mmoja hakuna anayesogea, wawili wakimsukuma mmoja anatoka, kwa hiyo peke yako hufiki popote, lazima upate mwenzako, na ahadi hailindwi na sheria yoyote, ukimgeuka umemgeuka, jioni vipande vinarudi kwenye boksi na tunakula matoke sahani moja. Tumecheza mara ishirini na tatu. Kwa watu watano mgao wa haki ni kushinda mara nne, tano. Mimi nimeshinda tisa, na sijivuni, nasema kilichobandikwa ukutani kwa Kahigi.

Mwaka jana Kahigi akasema tuupumzishe ubao tujaribu mchezo wa hadithi ya mezani, ule ambao kila mtu anakuwa mtu mwingine, unaandika kwenye karatasi jina lake na kazi yake, anachokiweza na kinachomshinda, msimulizi anaeleza mko wapi na mbele yenu kuna nini, wewe unasema mtu wako anafanya nini, na pasipo na uhakika mnarusha dadu ya pande ishirini. Huu hauishi siku moja, hadithi inaendelea kikao hata kikao, na sisi tumefika cha kumi na sita, msimulizi akiwa Kahigi. Mimi ni Koku, mfanyabiashara wa chumvi. Rutaihwa ni mhunzi wa kisiwani, na kisiwa hicho alikitunga mwenyewe, akakipa watu mia mbili, tanuru la chuma, mpaka majina ya mbuzi wa jirani.

Nakwambia kweli, Ma, bila ule ubao hadithi yetu ingekufa kikao cha kwanza. Kikao cha tatu tulifika kwenye kivuko kinacholindwa na mkuu mmoja mwenye watu arobaini. Clavery akataka tupigane, maana seremala akiona kitu anataka nyundo. Mimi nikapiga hesabu, kila mmoja wetu alihitaji dadu ilete kumi na tano au zaidi, hizo ni pande sita kati ya ishirini, yaani mara tatu katika kumi, na tulihitaji wote wanne tuipate kwa pamoja, hapo hata mara moja katika mia haifiki. Nikaomba niongee na yule mkuu. Nikamuuliza kama tunavyoulizana ubaoni, sikuanza na ninachotaka, nilianza na anachokiogopa, na kumbe hakutuogopa sisi, alimwogopa bwana wake wa bara, basi nikampa habari za bwana wake ambazo sisi hazikutugharimu kitu, tukavuka bila mtu kuchubuka. Na Lilian, ambaye kikao cha kwanza alisema sentensi tatu, nilizihesabu, kikao cha saba aliwapatanisha watu wa vijiji viwili waliogombea chemchemi, akimwambia kila mmoja atakachopata na akificha atakachopoteza, vilevile alivyojifunza kwa kubanwa ubaoni kati yangu na Clavery. Hayo yote yalitoka wapi kama si kwenye ubao?

Sasa ndipo pananiuma. Kikao cha kumi na nne nilitaka mhunzi anionyeshe njia ya kwenda kwenye mawe ya chuma, nami Koku nikilinde kisiwa chake. Rutaihwa akacheka, akasema ananijua mimi, ubaoni nimemgeuka mara nne na mara zote nne nilikuwa nimeapa, safari hii kiapo changu hakimtoshi. Nilikasirika kidogo, na muda wa boti yake ulikuwa umekaribia. Mezani kulikuwa na kahawa ya kutafuna ambayo mke wa Kahigi hutuwekea tukifika, kama inavyowekwa nyumba yoyote ya huku. Nikachukua buni moja nikaipasua, zikatoka punje mbili, moja nikaitia mdomoni na moja nikampa. Akaitazama. Akaila. Lilian akasema, "Nyie, hilo si la mchezo," mimi nikamwambia arushe dadu tuendelee.

Wewe ni wa huku, Ma, unajua wazee wetu walivyofunga omukago, buni moja watu wawili, na tangu hapo wakawa ndugu hata kama hawakuzaliwa pamoja. Lakini omukago una damu, wanachanjana, na pale hapakuwa na wembe wala damu, kwa hiyo mimi nilihesabu kwamba si omukago, ni kahawa.

Kikao cha kumi na sita yule mkuu wa kivuko akarudi, safari hii na watu mia tatu, akitaka bandari. Mimi nikampa kisiwa cha mhunzi. Piga hesabu mwenyewe, wanne sisi tuko hai, pwani yote ya magharibi ni yetu, hasara ni kisiwa kimoja. Nilidhani watanipigia makofi. Rutaihwa hakugomba, aligeuza karatasi ya mhunzi wake kifudifudi, akaniambia kwa Kihaya maneno ambayo kwa Kiswahili ni kama, "Dada, ubaoni ulikuwa unanishinda. Leo umenidanganya." Akachukua mfuko wake akaenda zake. Jumamosi mbili za kucheza zimepita hajaja, na hajibu simu.

Kahigi amenitumia ujumbe kwamba Jumamosi watapiga kura kama nibaki au niende. Clavery anasema ubao umeniharibu. Kahigi ameufungia kabatini, anasema unafundisha watu uongo na hautakiwi tena karibu na hadithi, yeye aliyeuleta, na mimi ndiye niliyeahidiwa kuwa msimulizi hadithi hii ikiisha na nimeshaandika kurasa thelathini na moja za ijayo. Nimefikiria kuwapelekea karatasi moja yenye hesabu zote, waone ubao umetupa nini na umetunyima nini. Nimefikiria pia kuwaachia meza yao nianzishe yangu hapa Bukoba, wateja watatu wako tayari. Hata kuomba radhi nimefikiria, ila sijui niombe radhi ya nini, maana kumgeuka mtu kwenye mchezo ni mchezo. Ninachojua ni kwamba kwenye meza ile sitaki kutoka, na sitatoka kimya. Niambie nishike lipi.

Koku wa Chumvi,
Kitendaguro

Ma Anatolia anajibu:

Koku, nimekusoma mpaka mwisho kama ulivyoniamuru, na sehemu ya kivuko nimeisoma mara mbili.

Nianze na haki yako, maana unayo. Ubao haukukuharibu, na Kahigi afungue kabati lake. Dadu haimfundishi mtu kuongea. Mtu anayekaa kwenye hadithi kwa mara ya kwanza huwa anajua mambo mawili, kupiga na kukimbia, na msimulizi anabaki kuwatafutia maadui wa kupiga mpaka wote wachoke. Ninyi mlifika mkiwa mmeshajua kumuuliza mwenzenu anaogopa nini, mmeshajua kwamba peke yako husogei, mmeshajua kukaa kimya dakika nzima mtu akijieleza. Lilian alipata mdomo kwa sababu ulimbana, na hilo ulilifanya wewe. Mtu akiniuliza awaandae vipi watu wake kwa hadithi ya miezi mingi, nitamwambia awaweke kwanza kwenye ubao wa namna hiyo, wabembelezane, wageukane na kukasirikiana huko, ambako hasira inaisha kwa chakula.

Lakini ubao una kitu ambacho hadithi haina, nacho ni boksi. Jioni vipande vinarudi ndani na kesho kila mtu anaanza upya. Kwenye hadithi hakuna kinachorudi ndani. Mkuu wa kivuko uliyemkuta kikao cha tatu ndiye huyohuyo wa kikao cha kumi na sita, anakukumbuka, na sasa nchi yote ya Kahigi inajua kwamba Koku anauza rafiki zake. Nani atakayekubaliana na Koku kikao cha kumi na saba? Wewe hodari wa hesabu ulijumlisha pwani na watu wanne, ukasahau kujumlisha vikao vilivyobaki. Kwa hesabu yako mwenyewe umepata hasara, mwanangu. Na ungemsikiliza Rutaihwa ungejua kwamba hata ubaoni boksi huwa haliwafungii wachezaji, maana alikutajia mara zote nne.

Hata hivyo, hilo si kosa lililokufikisha kwangu. Koku kumsaliti mhunzi ni hadithi nzuri, na ningependa kuisikia mwisho wake. Wangekasirika wiki mbili kisha wangerudi. Kosa liko mezani, kwenye kahawa. Kiapo cha Koku kilikataliwa. Pale ulitakiwa kuongeza dau la Koku mwenyewe, mzigo wa chumvi, au ndugu yake akae rehani kisiwani, au siri moja ya aibu. Chumvi ya Koku ilipokuishia ukaingiza mkono wako. Buni ile haikuwa ya Koku, ilikuwa ya mke wa Kahigi. Na aliyeila si mhunzi, ni Rutaihwa, mtu mzima mwenye nyumba yake, aliyelelewa akijua kwamba kitu kile ukipewa hukikatai na ukikila hukichezei. Hakumwamini Koku, alikuamini wewe, na ndiyo maana hakusema umemshinda.

Unaniambia hapakuwa na damu. Acha hiyo, ni ya wakili. Kama ungeamini kweli kwamba ni kahawa tu, usingenyoosha mkono kuichukua wakati ule. Uliichukua kwa sababu ulijua itafanya kazi ambayo maneno yako yalishindwa kuifanya. Sasa unajua uombe radhi ya nini.

Na usibebe peke yako. Kahigi ndiye msimulizi, aliiona buni ikipasuliwa kwenye meza yake, na msimulizi ana haki ya kusimamisha mchezo, akanyamaza kwa sababu hadithi ilikuwa imekuwa tamu. Lilian peke yake ndiye aliyesema, nawe ukamwambia arushe dadu. Lakini Kahigi hajaniandikia. Umeniandikia wewe.

Basi fanya hivi. Ile karatasi ya hesabu usiiandike, na kama umeshaanza ichane. Meza ya Bukoba isubiri, kwani wale wateja watatu hawana kosa, na ukienda kwao leo utakuwa umewakimbilia, hujawachagua.

Alhamisi nenda Bumbire kwa miguu yako. Usipige simu, usimtume Lilian. Usibebe zawadi yoyote, wala sukari, maana Rutaihwa amekaa nawe ubaoni mara ishirini na tatu, akiona mkono una kitu atajua umekuja kufanya mapatano. Mwambie kwa Kihaya, kwa sababu alikuambia kwa Kihaya, kwamba ulichukua kitu kisicho cha mchezo ukakitumia ili akuamini, na ulikosa. Usitaje pwani ya magharibi. Usimtaje Koku. Kisha nyamaza, na hapa ndipo utakapotamani kuongea, kwa hiyo jiandae. Usimwombe arudi Jumamosi. Ukimwomba tu, radhi imegeuka kuwa zile dakika kumi na tano za migombani, na atakuwa na haki ya kukufukuza. Akikutukana, sikiliza. Asiposema kitu, msalimie mkewe na urudi na boti itakayofuata.

Jumamosi nenda Kishanda, awe amekusamehe au hajakusamehe. Kabla hawajapiga kura waambie maneno yaleyale uliyomwambia yeye, uyaseme mara moja, usiyapambe. Waambie pia meza yenu inahitaji mpaka: vitu vya mwenye nyumba, undugu na dini havitumiki kuthibitisha ahadi za watu wa kwenye karatasi, na ahadi kubwa iandikwe pamoja na dhamana yake, msimulizi aishike. Na ubao urudi mezani, mara moja kila baada ya vikao vinne, mchezee huko hila zote mnazotamani, ili zisiwajie kwenye hadithi zikiwa na njaa.

Kuhusu Koku, usimwombe Kahigi afute lililotokea. Kisiwa kimeuzwa, kibaki kimeuzwa. Rutaihwa akirudi, yeye ndiye aamue Koku atafanywa nini, hata kama ni kufungwa minyororo kwenye tanuru, nawe ukubali bila kupunguza hata siku moja. Asiporudi, mrudishe Koku kisiwani kwa hiari yake, akaishi kati ya watu aliowauza. Umesema hutatoka kimya. Huo ukaidi wako naupenda, na hapo ndipo pa kuutumia. Cheza mtu asiyeaminiwa na yeyote, anayetimiza ahadi ndogo moja, kisha nyingine, mpaka mzee mmoja wa kisiwani akubali kununua chumvi yake tena. Itachukua vikao vinane, labda kumi. Ubao haukukufundisha hilo kwa sababu jioni huwa inafika kwanza, kwa hiyo utajifunza hapohapo ulipoharibu.

Usimulizi usiutaje kabisa. Wakikunyima, kurasa zako thelathini na moja hazitaoza.

Wakipiga kura uwe umekaa. Usitoke nje, usiwahesabie vidole, usimwangalie Lilian usoni kumwomba. Wakikutoa, waachie zile kurasa sita za Kiswahili na umuage kila mtu kwa jina lake. Wakikubakiza, usishukuru sana, chukua karatasi ya Koku na umuulize Kahigi yuko wapi sasa na mbele yake kuna nini.

Bandika mlangoni mwa duka kwamba Alhamisi umefunga, na usiandike sababu.